Kifua cha Taifa

Ipo nchi moja ambayo sitaitaja jina, si kwa woga bali kwa adabu, maana wenyewe hawapendi kutajwa mpaka kwanza wapelekewe barua yenye mihuri mitatu. Nchi hiyo haina dhahabu wala mafuta. Ina mawe. Ina mawe mengi hata bendera yake ni ya kijivu, na kiongozi wake mkuu huitwa Msingi wa Taifa, kwa sababu hajasogea tangu siku alipowekwa. Ni nchi ya amani na utulivu. Watu wake wanakohoa tu.

Walioanza kukohoa ni wachonga mawe wa machimbo ya Kilima Ngungu, wanaume mia nne hivi, na miongoni mwao Tuwano. Tuwano alikuwa na miaka arobaini na mitatu, lakini ukimwona kwa mgongo ungemwamkia shikamoo ukidhani umri wake unavuka sitini. Zamani alipanda mlima kwenda nyumbani kwake huku akiimba. Siku hizi alipumzika mara tatu njiani, na kila alipopumzika aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu. Miguuni alivaa kandambili. Majirani waliona, wakageuza nyuso zao pembeni, kwa sababu na wao walikuwa na mahali pao pa kufungia kamba.

Mkewe, Mama Tatu, alikuwa amemshonea mto mkubwa wa sufi ili alale ameketi. Hakumwambia kwa nini. Alimwambia tu kwamba sufi ilikuwa nyingi mwaka huo.

Serikali ya nchi hiyo si kiziwi. Kikohozi kiliisikitisha sana siku kilipoingia katika matangazo ya redio ya moja kwa moja na kumkatiza Msingi wa Taifa katikati ya neno "ustawi". Wiki hiyohiyo likatoka agizo: lijengwe Jumba la Pumzi, hospitali kubwa ya vifua isiyo na mfano katika bara zima, yenye vitanda mia tatu, ukumbi wa karamu, na mbele yake chemchemi ya kurusha maji juu kuliko mnara wa simu. Na kwa kuwa serikali ilitaka wagonjwa wajivunie hospitali yao, ikaagiza mawe yote ya jumba hilo yachongwe na wagonjwa wenyewe.

Basi wakachonga. Walichonga mchana kutwa kwenye vumbi jeupe lililowaingia puani, masikioni na kwenye ugali, na kadiri hospitali ilivyopanda ndivyo walivyozidi kuihitaji.

Palikuwa na daktari mmoja wa zahanati ya pale chini, binti mdogo aitwaye Sekela, ambaye alikuwa hajazoea kazi ya serikali na kwa hiyo aliifanya. Alimpiga Tuwano picha ya kifua, akaining'iniza dirishani, wakaitazama wote wawili.

"Baba, haya madoa meupe ni mawe," alisema. "Si kifua kikuu, wala hakuna mtu aliyekuloga. Ni unga wa jiwe umeganda kwenye mapafu. Sitakudanganya, ulioingia hautoki."

"Kwa hiyo ndiyo basi?"

"Sijasema ndiyo basi. Ukiacha kuvuta mwingine utaishi umwone Tatu akiolewa. Mkilowesha jiwe kabla ya kulipiga, vumbi linakuwa tope, linabaki chini. Mnahitaji bomba moja la maji pale machimboni. Moja tu."

Ajabu yake ni kwamba bomba lilikuwepo. Mtambo wa chini ya kilima ulipeleka maji kwenye ile chemchemi ya Jumba la Pumzi, na bomba lake lilipita katikati ya machimbo, nene kama paja la mtu, likinguruma kutwa nzima. Wachonga mawe walilikalia wakati wa kula kwa sababu lilikuwa na ubaridi. Lilikosa koki tu.

Daktari Sekela akaandika barua kuomba koki. Jibu lilikuja upesi kuliko jibu lolote katika historia ya wizara: amepandishwa cheo na kuhamishiwa Idara ya Samaki, kwa kuwa ameonyesha mapenzi makubwa kwa maji.

Hata hivyo barua ile ilikuwa imeshasomwa na watu wengi, ikabidi iundwe tume. Ikaitwa Tume Huru ya Kuthibitisha Kutokuwepo kwa Vumbi. Waziri wa Pumzi na Mambo ya Hewa, Mheshimiwa Kalumbete, alijiteua mwenyewe kuwa mwenyekiti, ili kuulinda uhuru wake. Tume ilipima vumbi Kilima Ngungu siku ya sikukuu, machimbo yakiwa yamefungwa na mvua imenyesha tangu asubuhi, ikaridhika sana na hali ya hewa. Kisha, kwa moyo mweupe kabisa, ikawaalika wachonga mawe walete mjumbe aje kueleza shida yao.

Sharti lilikuwa moja. Sheria ya nchi hiyo inakataza kukohoa mbele ya ofisa anapozungumza au anapozungumzishwa, kosa liitwalo kudharau hadhi ya ofisi kwa njia ya koo, na anayelitenda shauri lake hufutwa hapohapo. Mjumbe wa kwanza, mzee mwenye busara zake, alikohoa kabla hajamaliza kusema "Mheshimiwa". Wa pili alifika mpaka "shida yetu". Wa tatu alijibana hata akazimia, na tume ikaandika kwamba mjumbe alisinzia.

Ndipo wachonga mawe wakakaa kikao na kufikia uamuzi walioona ni wa akili sana. Walikubaliana kumtuma yule anayekohoa kidogo kuliko wote. Na aliyemtaja jina, akanyoosha mkono wa kwanza kumpigia kura, alikuwa Tuwano.

Alimtaja Kibena, mwenzake wa jiwe.

Nieleze kidogo hapo. Kilima Ngungu hakuna anayechonga peke yake. Watu hufanya kazi wawili wawili: mmoja anachuchumaa na kushika tindo, patasi ya chuma ya kuchongea mawe, uso wake shibiri moja tu kutoka kwenye jiwe, na mwenzake anasimama juu yake na kupiga nyundo. Adhuhuri wanabadilishana. Ndiyo sheria ya machimbo, na ilikuwepo kabla ya wizara zote. Mwaka wao wa kwanza Kibena alishika tindo, nyundo ikampiga kidole gumba, ukucha ukatoka, na tangu hapo kila akichuchumaa mikono ilimtetemeka hata tindo likagongagonga jiwe kama meno ya mwenye baridi. Alimwomba Tuwano kwa aibu, wakiwa wawili tu. Tuwano akamwambia, "Usijali, nitashika mimi." Akashika siku hiyo. Akashika na kesho yake. Alishika miaka kumi na tisa, na vumbi, ambalo humtafuta aliye karibu na jiwe, likamjaa yeye.

Hakuwahi kulihesabu hilo kuwa deni. Kwake lilikuwa jambo la mtu na mwenzake.

Siku ya safari Mama Tatu alinyoosha koti la harusi la mumewe, akamvalisha Kibena. Mikono ilimpwaya kidogo. Tuwano akampa ile picha ya kifua, ameifunga kwenye khanga ili isichubuke.

"Waonyeshe hii," alisema. "Uwaambie ni koki tu. Hatutaki kingine."

Kibena alimshika bega. "Shemeji yupo hapa, anasikia. Nikirudi, narudi na maji. Nisiporudi na maji, msinihesabu mtu."

Mama Tatu alilia kidogo, na Tuwano pia, ingawa alisema ni vumbi.

Mahojiano yalitangazwa redioni, moja kwa moja. Watu wote mia nne walizunguka redio moja iliyowekwa juu ya bomba, na kila aliyetaka kukohoa alikwenda nyuma ya lundo la kokoto ili asiwaharibie wenzake.

"Wewe ni mchonga mawe halisi?" ilisikika sauti ya Waziri Kalumbete, sauti nene ya mtu anayekula mapema.

"Halisi, Mheshimiwa."

"Wa miaka mingapi?"

"Kumi na tisa, Mheshimiwa."

"Hebu kohoa."

Kimya.

"Nasema kohoa, bwana. Tume inakuruhusu."

"Haiji, Mheshimiwa."

Ukumbi ukavuma. Waziri aliomba utulivu kwa muda mrefu bila kuuhitaji. Kisha akatamka kwamba tume imepokea ushahidi hai, unaosimama kwa miguu yake miwili: miaka kumi na tisa ya vumbi linalodaiwa, na kifua safi kama sahani. Pale machimboni watu walitazamana. Ndipo walipoona kosa lao, nalo lilikuwa kubwa kama kilima chenyewe. Walikuwa wamempeleka mzima akawasemee wagonjwa.

"Lakini, Mheshimiwa," Kibena alianza, "wenzangu wao wanakohoa. Nina picha hapa..."

"Wenzako hawakuletwa. Tume inamsikiliza aliyeletwa. Ila nikuulize, maana mimi ni mtu wa haki." Waziri alikohoa kidogo kusafisha koo, sheria haimhusu. "Kama ni jiwe hilohilo na vumbi hilohilo, mbona wao wanakohoa na wewe hukohoi?"

Tuwano aliinuka alipokuwa amekaa. Lilikuwa swali zuri, tena zuri kuliko yote yaliyowahi kuulizwa na serikali ile, na bila shaka liliulizwa kwa bahati mbaya. Jibu lake halikuhitaji usomi. Kibena alitakiwa kusema tu kwamba mwenzangu alinishikia tindo. Mia nne walilijua jibu hilo, na midomo yao ilikuwa ikilitamka. Tuwano alisogea akasimama karibu kabisa na redio, kana kwamba angeweza kumpokeza jibu.

Wakasikia mtu akimmiminia Kibena maji kwenye glasi, naye akiyanywa.

"Nadhani, Mheshimiwa," alisema hatimaye, "ni nidhamu."

Makofi yalilipuka hata redio ikakwaruza. Mtu mmoja akaizima. Hakuna aliyemtazama Tuwano usoni. Aliirudia nafasi yake kwenye jiwe, akachuchumaa, akashika tindo, akakaa hivyo akimsubiri mpigaji ambaye hakuwepo.

Kibena hakurudi. Zilirudi picha zake. Zilibandikwa kwenye shule, benki, machinjio na kuta za zahanati ile isiyo na daktari: Kibena kifua wazi, anang'aa kwa mafuta, na chini yake maneno KIFUA CHA TAIFA: PUMUA KAMA MIMI. Alipewa cheo hicho kwa amri ya Msingi wa Taifa, pamoja na gari, dereva na mshauri wa masuala ya mbavu. Ikaanzishwa kampeni ya Nidhamu ya Pumzi. Wataalamu walizunguka nchi nzima wakifundisha kwamba mwananchi mzalendo huvuta hewa kwa kiasi. Watoto waliimba hivyo paredi ya asubuhi. Machimboni zililetwa barakoa mia mbili kwa watu mia nne, kila moja imechapwa tabasamu la Waziri, nazo zilitunzwa stoo na kuvaliwa siku za wageni tu, zisichafuke.

"Na koti lako?" Mama Tatu aliuliza siku moja, akiosha vyombo.

"Analo."

"Mbona pichani yuko kifua wazi? Si angelirudisha."

Ilimuuma Tuwano kuliko alivyotaka mkewe ajue. Njaa aliifahamu, na maumivu ya kifua aliyafahamu pia, lakini hili la kugeukwa na mtu aliyemshikia tindo miaka kumi na tisa lilikuwa jipya, na hakujua aliweke wapi. Alimchukia Kibena akiamka, akila, akipanda mlima. Alimchukia kwa bidii na bila kupumzika, na ndiyo kazi pekee iliyokuwa haimchoshi siku hizo.

Mwezi wa tano tangu aondoke, Kibena akaja. Gari lilisimama kando ya machimbo likakaa vioo juu, kwa ajili ya lile vumbi lisilokuwepo. Dereva akamwita Tuwano. Kioo kikashuka vidole vinne.

"Ndugu yangu," alisema Kibena. Alikuwa amenenepa mashavu. "Umekonda."

"Nina nidhamu."

Kibena alitazama usukani, ingawa haukuwa wake. "Jumamosi jumba linazinduliwa. Nimekupigania sana. Kitanda namba moja ni chako, chumba cha peke yako, na mashine ya hewa. Utapanda jukwaani useme kwamba ulikohoa kwa mazoea na sasa umeacha. Sentensi moja tu. Nimeipima, utaimaliza."

"Na koki?"

"Bomba ni la chemchemi, bwana. Hayo mambo ya juu huko."

"Watu mia nne, Kibena. Jana tumemzika mwenzetu Pazi."

"Nimesikia. Nimeleta rambirambi, iko nyuma ya gari."

Tuwano alishika ukingo wa mlango apate pumzi. "Nataka kujua jambo moja. Waziri alikuuliza mwenyewe. Kwa nini hukusema?"

"Waliniuliza ghafla."

"Ulikuwa na miaka kumi na tisa ya kujiandaa."

Kibena akasema kwa sauti ndogo, na hapo ndipo alipofanana na Kibena wa zamani, "Ningesema, wangenirudisha. Ningeishia wapi?"

"Na sisi. Ungeishia na sisi."

Kioo kikapanda.

Jumamosi yenyewe jua lilikuwa utosini. Wachonga mawe wote waliletwa kwa malori wakapangwa mistari mbele ya Jumba la Pumzi, mmoja katika kila wawili amevaa barakoa yenye tabasamu la Waziri. Huko ndiko walikoyaona maji yao kwa mara ya kwanza. Yaliruka juu sana, yakatawanyika, yakawaangukia wageni waalikwa, nao wakagawiwa miavuli.

Waziri Kalumbete alihutubia saa moja na robo. Alisema pumzi ni haki ya kila raia aliyejiandikisha. Alisema jumba hili halitalaza mgonjwa hata mmoja, kwa kuwa ugonjwa umeshathibitishwa kuwa haupo, na hiyo ndiyo hospitali iliyofanikiwa kuliko zote duniani. Akashangiliwa. Kisha akaonyesha jiwe kubwa la uzinduzi, lililochongwa maneno JUMBA LA PUMZ. Herufi ya mwisho ilibakizwa makusudi, ichongwe mbele ya Taifa na Kifua cha Taifa mwenyewe.

Kibena alipanda. Alikuwa amevaa koti la harusi la Tuwano, limepunguzwa mikono na fundi mzuri. Akapewa nyundo mpya yenye utepe.

"Nitashikiwa tindo na rafiki yangu wa siku nyingi," alisema kwenye kipaza sauti, "ambaye pia ana neno kwa Taifa. Karibu, ndugu Tuwano."

Macho yote yakamgeukia. Mama Tatu, nyuma kabisa kati ya wanawake, alimwona mumewe akivua barakoa na kuikunja vizuri. Kitanda namba moja kilikuwa hatua thelathini kutoka pale, kimetandikwa shuka nyeupe. Tuwano alipima pumzi aliyokuwa nayo. Ilitosha sentensi moja, kama Kibena alivyosema.

"Nimeshika miaka kumi na tisa, leo sishiki."

Waheshimiwa wakapiga makofi, wakidhani ni shairi. Lakini mistari ya wachonga mawe mia nne ilielewa. Kibena akamwita mwingine kwa jina, yule akaweka mikono nyuma. Akamwita wa tatu, naye akafanya hivyohivyo. Taratibu, mstari baada ya mstari, mikono yote ya Kilima Ngungu ikaenda nyuma ya migongo, na pale jukwaani Kibena akabaki na nyundo yake na jiwe lake.

Redio ilikuwa ikitangaza ukimya huo nchi nzima. Waziri Kalumbete hakuwa mtu wa kushindwa na ukimya. Alivua koti, akakunja mikono ya shati.

"Wananchi," alinguruma, "uongozi ni vitendo. Nitapiga mimi mwenyewe. Kifua cha Taifa atashika."

Wapiga picha wakakimbilia mbele. Kibena aligeuka kumtazama Waziri, akamtazama mshauri wake wa mbavu, akakuta kila mtu anatabasamu. Akapiga magoti. Akashika tindo, nalo likaanza kugonga jiwe lenyewe, kabla ya nyundo.

Tuwano aliona mikono ile akasahau ilikuwa ya nani. Kilikuwa kidole gumba alichokiona, kimesimama juu ya kichwa cha tindo, mahali palepale ambapo mshikaji yeyote wa Kilima Ngungu angekupiga kofi kwa kukiweka. Kibena hakuwahi kujifunza kushika. Angejifunzia wapi? Na Waziri alikuwa ameshainua nyundo, ameinyanyua kwa mikono miwili mpaka nyuma ya kisogo, uso ameuelekeza kwa wapiga picha ili atoke vizuri.

Kibena alimtafuta kwa macho katika umati, akampata.

Miezi mitano ya chuki ilimtoka Tuwano bila kumwomba ruhusa. Alisukuma watu, akapiga hatua moja mbele, mbili, akavuta hewa yote aliyoweza kuipata hadharani siku ile, apaze sauti maneno mawili tu, ficha kidole.

Kikohozi kikamtangulia. Kilimkunja katikati, magoti yakagusa changarawe, na maofisa wawili wakamshika makwapani kwa kosa la kudharau hadhi ya ofisi kwa njia ya koo. Akiwa ameinama hivyo mikononi mwao alisikia nyundo ikitua, na yeye pamoja na watu wote wa Kilima Ngungu wakajua kwa mlio wake kwamba haikutua juu ya chuma.